Zawadi Inapofika Forodhani

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja licha ya mvua hii.

Doti hii ya kanga mnayoiona mkononi mwangu niliinunua Kariakoo. Niliwahi kununua nyingine kama hii, rangi ileile na jina lilelile, *Wema hauozi*, na ile iko Leicester, Uingereza, kwa rafiki yangu niliyesoma naye chuo. Nitaanza na safari ya ile ya Leicester, maana ndiyo iliyonifundisha haya nitakayowaeleza jioni hii.

Niliifunga pamoja na kinyago kidogo cha mpingo kutoka Mwenge, nikapeleka posta. Karani akanipa karatasi ya tamko la forodha. Mahali pa kueleza kilichomo niliandika neno moja: zawadi. Mahali pa thamani nilisita. Vyote viwili vilinigharimu kama pauni 30 hivi. Nikaona aibu, nikajiambia mwenzangu akisoma namba hiyo atadhani nimemthamini kidogo. Nikaandika 45. Nikalipa nauli, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Uingereza zawadi inayotumwa na mtu binafsi kwa mtu binafsi haitozwi kodi ikiwa thamani yake haizidi pauni 39. Ikizidi hapo, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 20 inaingia. Asilimia 20 ya 45 ni pauni 9, na juu yake kulikuwa na ada ya kushughulikia kifurushi, pauni 8. Mwenzangu aliachiwa kadi mlangoni ikimtaka alipe pauni 17 ndipo apewe mzigo wake. Alilipa. Akanipigia simu, akanishukuru kwa furaha, hakugusia fedha hata kidogo. Nilikuja kujua baada ya miaka miwili, tena kwa mwanawe aliyekuja likizo. Yaani nilimuuzia zawadi yangu mwenyewe, na namba iliyomtoza niliitunga mimi kwa mkono wangu.

Ndiyo maana nasema gharama ya forodha, kwa sehemu kubwa, inaanzia kwenye kalamu ya mtumaji. Wengi wetu tunalaumu maofisa. Wapo wanaostahili lawama, sikatai. Lakini ofisa aliye Uingereza au Ujerumani hamjui mama yako wala shemeji yako. Anachokijua ni ile karatasi tu.

Na kwa nini anayetozwa ni mpokeaji? Hapa turudi nyuma kidogo. Tarehe 9 Oktoba 1874, pale Bern, Uswisi, nchi kadhaa zilitia saini mkataba ulioanzisha umoja wa posta duniani. Walikubaliana kwamba mtumaji alipe nauli mara moja kwao, nchi yake ibaki na fedha hiyo, na barua ipite nchi zote hadi kwa mwenyewe bila kudaiwa tena njiani. Ni makubaliano mazuri mno, na mpaka leo tunayafaidi kila tunapobandika stempu. Ila ushuru haukuwamo. Ushuru si mali ya posta, ni mali ya dola inayopokea mzigo, na dola hiyo mkono wake haukufikii wewe uliye Temeke. Unamfikia aliye ndani ya mipaka yake. Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa haraka zina utaratibu wa mtumaji kulipa ushuru wa kule mapema, ukiomba. Ni ghali, lakini kwa zawadi ya harusi ningeshauri uulize bei.

Sasa tuitazame ile karatasi. Kuna kibandiko kidogo kiitwacho CN22, na kuna fomu kubwa zaidi, CN23, kwa mizigo ya thamani kubwa. Tangu Januari 2021 maelezo yake yanatakiwa yatumwe kwa kompyuta kabla mzigo haujafika, ndiyo sababu karani siku hizi anakuuliza maswali mengi huku akiandika. Msimkasirikie. Usipomjibu sawasawa, kifurushi kitafika kule kikiwa hakina habari zake, kitawekwa pembeni.

Neno "zawadi" lina kisanduku chake, unakitia alama ya vema. Halisemi kitu kilichomo. Na "kanga" nayo, kwa ofisa wa Ulaya, haina maana. Andika kwa Kiingereza, au lugha nyingine inayokubalika huko, vipande viwili vya kitambaa cha pamba, vipya, vya kujifunga. Kinyago andika sanamu ya mbao, na taja mbao gani. Thamani iwe ileile uliyolipa, na risiti uiweke ndani. Kama kitu kimetumika, sema kimetumika, bei yake ishuke kwa haki. Namba ya simu ya mpokeaji usiiache.

Naona mama pale nyuma ameinua mkono. Anauliza: kwa nini basi nisiandike dola 5 tu, nimpunguzie mwenzangu? Mama yangu, jambo hilo ndilo linalofanywa kila siku. Kwanza, ofisa ana haki ya kufungua na kukadiria upya, na akishakuona mwongo hataamini hata lile ulilosema kweli. Mzigo unakaa. Pili, mzigo ukipotea, fidia haiwezi kupita thamani uliyoitamka wewe. Umeandika dola 5, ndizo hizo. Na kwa moyo wangu nasema, sipendi kumweka rafiki yangu katika hali ya kwenda kutetea uongo wangu mbele ya serikali ya ugenini, yeye ambaye huenda bado anafuatilia makaratasi yake ya kuishi kule.

Njia ya halali ya kumpunguzia ipo, na watu wengi hawaijui. Ukituma kwa familia, Uingereza wanaruhusu kifurushi kimoja kubeba zawadi za watu kadhaa, kila mmoja na kiwango chake cha pauni 39. Sharti kila zawadi ifungwe peke yake, iandikwe jina la mwenyewe, na itajwe peke yake kwenye fomu. Marekani nao wana utaratibu unaofanana, kiwango chao ni dola 100 kwa zawadi. Huko Marekani mambo yalitikisika mwaka 2025. Msamaha wa jumla wa bidhaa zisizozidi dola 800 ulisimamishwa kuanzia tarehe 29 Agosti, na posta za nchi nyingi zikaacha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda huko kwa kuwa hazikuwa na njia ya kukusanya ushuru kabla. Zawadi za kweli zisizozidi dola 100 zilibaki na msamaha, lakini uliza kaunta kwanza kabla hujafunga boksi.

Nchi za Umoja wa Ulaya kiwango ni euro 45, na ndani yake kuna mipaka mingine. Kahawa, gramu 500. Chai, gramu 100. Nayasema haya kwa sababu sisi tunapenda kutuma kahawa ya Kilimanjaro kwa kilo. Ujerumani hata wana kodi yao maalumu ya kahawa, euro 2.19 kwa kilo ya iliyokaangwa. Pakiti moja ya nusu kilo ni salamu nzuri, haina haja ya kuzidi.

Kuna vitu ambavyo usafi wa fomu hauviokoi. Nyama iliyokaushwa, samli, jibini: Uingereza na Umoja wa Ulaya hawavikubali katika kifurushi kutoka kwetu, na vitateketezwa. Maembe yasiyokaushwa yanahitaji cheti cha afya ya mimea kuingia Umoja wa Ulaya, wakati nanasi, nazi na ndizi hazihitaji. Na mpingo, mti wetu, tangu tarehe 2 Januari 2017 uko katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kinyago cha zawadi hakizuiwi kwa hilo, kwa kuwa kuna msamaha wa hadi kilo 10 za mbao kwa mzigo. Lakini hutaufaidi msamaha huo ikiwa umeandika "zawadi" na kunyamaza.

Upande wa kupokea nitapita haraka. Kitu kikija kwetu hutozwa ushuru chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kisha VAT, asilimia 18 hapa na 16 Kenya, tena VAT inahesabiwa juu ya bei iliyokwisha kuongezwa ushuru. Kitu cha shilingi 100,000 kikitozwa ushuru wa asilimia 25 kinakuwa 125,000, VAT yake ni 22,500, jumla umetoa 47,500, na bado kuna tozo ndogondogo. Basi mwambieni aliye nje akuulize kabla ya kutuma. Si utovu wa adabu kumwambia ndugu, hiki kitanigharimu kukitoa.

Doti hii nayo inakwenda Leicester, kwa yule mwanawe, anaolewa mwezi ujao. Fomu nimeijaza jana usiku. Vipande viwili vya kitambaa cha pamba, vipya, rangi nyekundu na nyeupe. Bei ni ile iliyo kwenye risiti. Na ile *Wema hauozi* nimemwandikia maana yake kwa Kiingereza kwenye kadi, yeye Kiswahili chake ni cha kubahatisha.

Haya, maswali.