Nyanya za Nyuma ya Nyumba

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, habari za mchana.

Nataka niwasimulie Jumamosi moja tu. Nilijiwekea sharti: tangu kuamka hadi kulala, kila nitakachokula kiwe kimelimwa ndani ya Mkoa wa Morogoro, na kisiwe kimeguswa na dawa wala mbolea ya kiwandani. Chumvi peke yake niliisamehe, kwa kuwa mkoa wetu hauna bahari. Kwa mtu anayeishi chini ya Milima ya Uluguru, niliona hilo ni jambo jepesi.

Chai ndiyo iliyonikwamisha kwanza. Majani tunayokunywa hapa mjini hutoka Mufindi, Rungwe, Usambara. Sukari, hiyo ni yetu kabisa, maana viwanda vya Kilombero na Mtibwa vyote viko mkoani humu. Lakini mashamba yale makubwa ya miwa hutumia mbolea za viwandani na dawa za magugu. Hapo nikaanza kuona kwamba "cha kwetu" na "kisicho na kemikali" ni mambo mawili, nasi tumezoea kuyafunga furushi moja. Maandazi sikuyagusa, ngano nyingi tunayoila nchini huja kwa meli. Basi nikachemsha mchaichai wa uani na kipande cha mdalasini wa Kinole, kule Uluguru, nikatia asali, nikala na magimbi. Nilishiba vizuri.

Saa tatu nikafika Soko Kuu la Chifu Kingalu. Nikamuuliza mama wa mchele mchele wake umetoka wapi.

"Ifakara, mwanangu."

"Shambani walipiga dawa ya magugu?"

Akaacha kupepeta. "Mimi nimenunua gunia. Ya shambani anayajua mwenye shamba."

Nilimheshimu kwa jibu lile. Angeweza kuniambia "mchele wa asili huu" na ningenunua kilo tano. Kwenye kuku wa kienyeji, kijana akaniambia bila kuficha kwamba walishushwa usiku kutoka Singida. Mchicha ulikuwa wa hapa hapa mjini, lakini hakuna aliyeweza kuniambia maji ya kumwagilia yalichotwa wapi, na kwa mboga za bondeni hilo ni swali zito kuliko la mbolea, kwani huenda ni maji machafu.

Kisha nyanya. Hapa naomba tukae kidogo.

Mmeuona ule unga mweupe juu ya nyanya za sokoni. Wengi tunadhani ni vumbi la barabarani, tunafuta na kanga, tunakata kachumbari. Mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu. Siku ile nilibahatika kumkuta mkulima mwenyewe, ameshuka na matenga yake kutoka Mgeta, huko juu Uluguru. Akanieleza bila haraka. Milimani kuna unyevu na baridi, na bakajani chelewa, ugonjwa wa nyanya unaokausha majani na kuozesha tunda, hupenda hali hiyo hiyo. Halafu kuna Kantangaze, mdudu aliyetokea Amerika Kusini, ambaye kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa ya juu juu isimfikie. Kwa hiyo hupulizia kila wiki, na mvua ikinyesha hupulizia tena kwa sababu ya kwanza imeoshwa. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kopo. Lakini mnunuzi akija na gari leo na bei ni nzuri, nani atamwambia arudi baada ya wiki? Mbegu alikopa, dawa alikopa, ada ya mtoto inadaiwa.

Nikamuuliza, "Na nyumbani mnakula hizi hizi?"

Akasita. Akasema kwa sauti ya chini, "Za nyumbani ziko nyuma ya nyumba. Zile hatuzipigi dawa."

Sikumlaumu, na leo simlaumu. Ila neno lile limenikaa kifuani. Mtu yule anajua tofauti, anajua namna ya kulima bila dawa, na anaweza. Anachokosa ni mnunuzi anayeuliza. Sisi wa mjini tumemwonyesha kwa fedha zetu kwamba tunataka nyanya kubwa, nyekundu, isiyo na doa, kwa bei ya chini, na yeye ametupa tulichoomba.

Mtasema ipo alama ya Kilimohai, ile inayobandikwa kwenye mazao yaliyolimwa bila kemikali za viwandani. Ipo, nami naiamini. Viwango vya Afrika Mashariki vya kilimo hai vilipitishwa mwaka 2007, na wakulima wadogo wasiomudu gharama za kampuni za ukaguzi wanaweza kujiunga katika vikundi na kukaguana wenyewe, shamba kwa shamba. Huo ni utaratibu wa busara, kwa sababu jirani hadanganyiki kwa urahisi kama mkaguzi wa siku moja. Lakini siku ile, kwenye vizimba nilivyopita, sikuiona alama hiyo hata mahali pamoja.

Mchana nikapika ndizi za Kinole kwa tui la mnazi wa jirani, na usiku nikala mihogo na mlenda uliojiotea wenyewe pembeni ya ua. Nyanya sikuonja siku nzima.

Kabla ya kuondoka sokoni nilikuwa nimemwachia yule mkulima namba yangu. Wiki iliyofuata alinipigia, akaniletea ndoo ndogo ya zile za nyuma ya nyumba. Ni ndogo, nyingine zina matundu. Nililipa bei aliyotaja bila kuomba apunguze, na tangu hapo huniletea kila anaposhuka. Za juzi ziko pale mezani, karibu na mlango. Karibuni mzishike na mzionje, kisha tuanze maswali.