Jinsi ya Kumhudumia Mwanambuzi Katika Saa Zake za Kwanza

Karibuni, watazamaji. Mbuzi mnayemwona amebeba mimba kwa takriban siku 150, na mtoto wake ameanguka kwenye nyasi kavu dakika chache zilizopita.

Tazameni kwanza pua na kinywa chake. Ninapangusa ute kwa kitambaa safi ili apumue vizuri, kisha ninamweka mbele ya mama yake amlambe. Msiharakishe kumwondoa hapo, kwa kuwa ulimi wa mama humkausha, huchangamsha damu yake na humfanya mama amtambue kwa harufu. Mama asipomlamba, mkausheni ninyi wenyewe kwa kumsugua.

Sasa tuje kwenye kitovu. Nimetia dawa ya ayodini katika kikombe kidogo, nami ninakibana kikombe hicho tumboni mwake hadi kitovu chote kizame, kwa sababu kikiachwa kibichi, vijidudu hupitia hapo vikaingia katika damu na kuvimbisha viungo vya miguu.

Hatua inayofuata ndiyo ninayowaomba msiipuuze hata kidogo, yaani kumnyonyesha dang'a. Mwanambuzi huzaliwa bila kinga ya mwili, maana kinga ya mama haipiti kwenye kondo. Huipata kwa kunywa maziwa haya ya kwanza, na utumbo wake huwa na uwezo wa kuifyonza kwa saa chache tu, uwezo unaofifia kadiri muda unavyopita na kwisha baada ya siku moja hivi. Inanihuzunisha kuona dang'a likimwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni uchafu, eti kwa kuwa ni zito na la manjano, ilhali hakuna dawa ya dukani inayoweza kushika nafasi yake.

Osheni kiwele, kisha kamueni kila chuchu mara mbili au tatu ili kuizibua, kama ninavyofanya hapa. Msogezeni mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza. Akishindwa kunyonya, kamueni dang'a katika chupa safi na kumnywesha polepole akiwa amesimama: mwenye kilo 3 apate jumla ya mililita 300 hivi katika saa 24 za kwanza, kwa kugawanya mara kadhaa.

Kabla ya kumnywesha, mtieni kidole kinywani. Mkihisi ubaridi, mpasheni joto kwanza kwa blanketi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, kwani mtoto aliyepoa hawezi kumeza vyema na maziwa yanaweza kuingia mapafuni.

Mama naye apewe maji safi na majani. Kondo la nyuma litoke lenyewe. Msilivute, maana mnaweza kumjeruhi kizazi. Saa 12 zikipita bila kutoka, mwiteni daktari wa mifugo.