Kushindana kwa Ndoana: Daraja Lako Limo Kwenye Mshipi

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Kaskazi iko karibu, na watu wa Malindi, Watamu, Kilifi na Shimoni wameanza kutengeneza vyombo kwa msimu wa sulisuli na nduaro, samaki wakubwa wenye mdomo mrefu kama mkuki. Kila mwaka huulizwa swali lile lile: mtu atajuaje kwamba ameiva kuingia mashindano ya kuvua kwa ndoana? Wengi hupima kwa samaki. Ukipata nguru, ingia. Ukipata nduaro, wewe bingwa. Sisi tunakikataa kipimo hicho. Nduaro wa kilo mia anaweza kumnasia mgeni aliyepanda chombo asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu aliyemtafuta, akamwona na kumletea chambo ni nahodha. Daraja la mshindani hupimwa kwa wembamba wa mshipi, yaani uzi wa kuvulia, anaoweza kupigania nao bila kuvunja kanuni na bila kumchosha samaki hadi kufa.

Mashindano mengi ya bahari kuu hufuata kanuni za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo kilichoanzishwa mwaka 1939. Mishipi imepangwa kwa madaraja ya kilo, yaani uzito unaoukata: 1, 2, 3, 4, 6, 8, 10, 15, 24, 37 na 60. Mshipi wa daraja la 15 haupaswi kuhimili zaidi ya kilo 15 kabla ya kukatika. Hapa wageni huumia mapema. Nailoni ya kawaida ya dukani iliyoandikwa kilo 15 mara nyingi hukatika kwa uzito mkubwa zaidi, na ikipimwa inakuwa imevuka daraja lake. Nunueni nailoni iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano, iliyohakikishwa kukatika ndani ya daraja lake. Upimaji wa IGFA hufanywa mshipi ukiwa umelowekwa majini, kwa hiyo jaribio la mshipi mkavu nyumbani halitoshi.

Anayeanza achukue mshipi wa kilo 24, au 15, apande chombo chenye nahodha mzoefu, na alenge nguru, jodari na sehewa. Kama klabu ina kundi la wapya, la vijana au la wanawake, jiandikishe huko. Msimu huo wa kwanza, somo kubwa ni mipaka ya mkono. Samaki akishika, anayechukua fimbo ndiye atakayemaliza naye. Mwenzake akigusa fimbo, rili (kifaa cha kuzungushia mshipi) au mshipi wenyewe, hata kwa nia ya kumzuia asianguke, samaki huyo hahesabiwi. Kuegemeza fimbo kwenye ukingo wa chombo wakati wa kupigana nako ni kosa. Baharia anaruhusiwa kushika lida tu, ile nailoni nene iliyobeba ndoana.

Tunasisitiza hilo la lida kwa sababu alama nyingi hupotea pale. Juu ya lida kuna kipande cha mshipi kilichokunjwa mara mbili kuongeza nguvu, nacho kwa kanuni bado ni mshipi. Baharia mwenye pupa akiinama na kukikamata kabla lida haijafika, kazi ya nusu saa imekwisha. Tieni uzi wa rangi kali mahali lida inapoanzia, na baharia asinyooshe mkono kabla ya kuuona. Urefu nao una mpaka: kwa mishipi ya hadi kilo 10, lida isizidi mita 4.57, na ikijumlishwa na kipande kilichokunjwa isizidi mita 6.1. Kwa mishipi mizito zaidi, lida mwisho mita 9.14 na jumla mita 12.19. Pimeni fundo likiwa limeshakazwa.

Daraja la kati ni mshipi wa kilo 15 kushuka hadi 10, na samaki wake ni sulisuli. Tunarambaza, yaani tunakokota chambo nyuma ya chombo kinachotembea, kwa chuchunge aliyefungwa kwenye ndoana ya duara, namba 7/0 au 8/0, ncha yake isiwe imepinda pembeni. Ndoana hii haitaki mtu wa kukurupuka. Sulisuli akichukua chambo, acha rili izunguke huru kwa kidole chepesi, ageuke na kuondoka nacho, kisha sukuma breki ya rili taratibu hadi mshipi ukaze wenyewe. Ukivuta fimbo kwa nguvu, ndoana hutoka mdomoni kabla ya kushika pembe ya taya. Na ikishika pale pembeni ya taya, samaki huachiwa akiwa mzima.

Sasa breki, ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayotenga daraja la kati na la juu. Usiipime kwa mkono. Funga mizani ya kuning'iniza kwenye mshipi, inua fimbo kama unavyoishika ukipigana, vuta. Mahali pa kuanzia ni robo hadi theluthi ya daraja: kwa kilo 15, kama kilo 4 hadi 5; kwa kilo 10, kama 2.5 hadi 3. Lakini kipimo hicho ni cha bobini, gurudumu la rili linalobeba mshipi, ikiwa imejaa. Samaki akikimbia na kipenyo cha mshipi uliobaki kikawa nusu, breki ya kilo 5 imekuwa ya kilo 10, na wewe hujaigusa. Ongeza ukinzani wa maji kwenye mamia ya mita ya mshipi uliopinda, na hapo mshipi wa 15 unakatika. Silika humwambia mvuvi akaze samaki anapokimbia. Legeza, na mwambie nahodha afuate. Kaza tena bobini inapojaa.

Kwenye kilo 8, 6 na kushuka, ushindi ni wa chombo kizima. Nahodha hukimbiza samaki ili mshipi uwe mfupi, baharia lazima awe tayari mara lida inapofika, na fundo lolote lililosuguka linafungwa upya. Asiyekuwa na timu iliyozoeana asilipie daraja hili. Samaki hupiganwa saa nyingi bila sababu, na sulisuli aliyechoka kabisa huachiwa akafe chini. Anayechagua mshipi mwembamba kwa ajili ya alama tu anatukosea sote.

Kabla ya siku yenyewe hudhuria kikao cha manahodha. Uliza saa ya mishipi kuingia majini na ya kutoka, kama samaki aliyeshika kabla ya saa ya kutoka anahesabiwa, ushahidi gani wa kuachia unatakiwa, na mwisho wa kuwasilisha malalamiko. Kunasa na kuachia hutangazwa kwa redio mara moja.

Wakati wa kuachia, chombo kiende mbele polepole, samaki abaki majini, ashikwe sulu, ule mdomo mrefu, kwa glovu hadi apige mkia kwa nguvu zake. Alama ya utafiti, yaani kitambulisho cha samaki na si pointi za mashindano, huchomwa kwenye nyama ya mgongo, mbali na kichwa na matamvua, na kadi hujazwa papo hapo: tarehe, mahali, aina, ukubwa wa kukadiria. African Billfish Foundation ya Watamu, taasisi ya utafiti wa samaki kama sulisuli na nduaro, hutegemea kadi hizo, na alama isiyo na kadi haina faida yoyote.

Mizani iko mezani hapa mbele. Walioleta rili zao wazilete, tuanze na za kilo 15.