Kilichokosekana Kilikuwa na Kazi Gani?

Mhadhara kwa waokaji wa majumbani, Magomeni, Dar es Salaam

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Kuna swali naulizwa kila wiki, nalo linanichosha: "Mwalimu, mayai yameniishia, niweke nini?" Nikiuliza unaoka nini, mtu ananyamaza. Jamani, nitajibuje? Mayai kwenye keki ya ndizi yanashikanisha na kuongeza unyevu, basi. Yai moja ni kama gramu 50. Ongeza robo kikombe cha ndizi mbivu iliyopondwa, utavuka. Lakini kwenye mkate wa mayai, mayai ndiyo yanayoumua, ndiyo yanayousimamisha mkate wenyewe. Hapo mbadala haupo. Huna mayai? Pika vitumbua.

Kwa hiyo nasema tena, na walionisikia mwaka jana wanivumilie: usitafute mbadala kabla hujajua kile kilichokosekana kilikuwa na kazi gani.

Tunapoumia zaidi ni kwenye bekin pauda na magadi soda. Mtu anatumwa kwa Mangi kununua bekin pauda, anaambiwa imeisha, anarudi na paketi ya magadi soda, mama anatia kijiko kilekile. Tazameni glasi hizi mbili. Zote zina maji ya kawaida. Hii natia bekin pauda. Mnaona povu? Ninyi wa mbele mnalisikia hata linavyochemka. Hii ya pili natia magadi soda. Kimya. Inazama chini kama chumvi. Sasa nakamulia ndimu... haya, imefurika mpaka kwenye kitambaa cha watu!

Bekin pauda ina magadi soda hiyohiyo ndani, pamoja na asidi kavu iliyosagwa na wanga wa kuiweka kavu. Magadi soda peke yake inaingoja asidi. Ukiitia kwenye keki ya maziwa ya kawaida, siagi na mayai, asidi itaitoa wapi? Haifanyi kazi yote, na inayobaki inaipa keki rangi ya manjano iliyochafuka na ladha ya sabuni. Mteja anamega kipande, anakirudisha kwenye sahani taratibu, anakwambia "tamu, dada." Harudi tena huyo.

Kipimo ni hiki, andikeni. Magadi soda ina nguvu mara tatu hadi nne ya bekin pauda. Penye kijiko kimoja cha chai cha bekin pauda, tia robo kijiko cha magadi soda na nusu kikombe cha mtindi. Na hiyo nusu kikombe ipunguze kwenye maziwa uliyokuwa utie, la sivyo utapata uji. Halafu fanya haraka. Bekin pauda nyingi za madukani huumua mara mbili, ikilowa na ikipata joto. Magadi na mtindi huanza papo hapo, na hewa ikishatoka haikungoji. Unayeoka kwa mkaa, makaa ya chini na ya juu ya mfuniko yawe yamekolea kabla hujagusa mtindi. Si umeshachanganya, ndiyo unaanza kupepea jiko!

Najua kuna mama hapa anasema moyoni: bibi yangu hakupima kitu, na mikate yake iliumuka. Ni kweli. Bibi alipika mkate uleule, kwa sufuria ileile, miaka nenda rudi. Mkono wake ulikuwa mizani. Wewe umeiona keki kwenye simu jana usiku, na leo umeshapokea oda ya harusi. Pima.

Na magadi ya mawe yaacheni kwenye maharage na mlenda. Yana kaboneti nyingi ya sodiamu, ni makali, keki haitaliwa.

Halafu kuna wanaoona mbadala ni aibu ya asiye na hela. Alfred Bird alikuwa mkemia mjini Birmingham, Uingereza. Mke wake hakuweza kula mayai wala vitu vya hamira. Mwaka 1837 Bird akamtengenezea kastadi ya wanga wa mahindi isiyo na yai, na mwaka 1843 akatengeneza bekin pauda ili apate mkate. Hiyo bekin pauda mnayoililia ilizaliwa ikiwa mbadala! Lakini yule bwana alijua kwamba anachokitafuta kwenye hamira ni hewa, akaitafuta hewa kwingine.

Naona naonyeshwa saa, basi siagi nitaipitia mbiombio. Asilimia 80 hivi ni mafuta, na inayobaki karibu yote ni maji. Badala ya kikombe cha siagi, robo tatu ya kikombe cha mafuta ya alizeti, na kidogo juu, inatosha. Ila kama keki yako inaanza kwa kuchapa siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe, usijaribu. Siagi inashika hewa, mafuta hayashiki. Na kwa joto letu la Januari, siagi iliyolala mezani imeshalainika mno. Irudishe kwenye friji kidogo kwanza.

Maziwa yakikosekana, tui la nazi linafaa, ila chukua la pili. Tui zito lina mafuta mengi. Ukitia asali badala ya sukari, punguza maji na ushushe moto, maana asali inaungua upesi. Unga siuwahi leo. Karibuni maswali.