Jinsi ya kusoma slaidi ya kinundu cha nyuzi cha usoni

Assalaam aleikum, karibuni wote, hasa nyinyi wanafunzi wa lebu hapa Mombasa mlioniandikia mkitaka hii. Leo slaidi ni moja tu. Ni kile kinundu kidogo kigumu, rangi ya ngozi ama chekundu kidogo, kinachomtoka mtu mzima puani, hakiumi na hakikui, na mwenyewe adhani ni chunusi iliyokataa kuiva. Kwenye ripoti twakiita faibrasi papuli, ni aina ya angiofaibroma, na si kansa.

Haya, kwanza panguza lenzi. Unyevu wetu huku Pwani huleta fangasi kwenye vioo na wakishaingia kuwatoa ni kazi, kwa hivyo maikroskopu ikae imefunikwa na pakiti za silika karibu.

Sasa weka slaidi, anza na lenzi ya 4, yaani ya kukuza mara nne. Msikimbilie ya 40 jamani, hapa ndipo wengi wanapopotea, waanza kutazama seli kabla hawajaona umbo. Mwaona hapa? Umbo ni la kuba, limeinuka juu ya ngozi iliyo kando, na epidemisi, tabaka la juu kabisa la ngozi, imelala bapa, vile vidole vyake vya kushuka chini vimefutika. Pinki ni kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoishika ngozi, zambarau ni viini vya seli, hii ni rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini.

Nenda lenzi ya 10, ingia kwenye demisi, tabaka la ngozi lililo chini ya epidemisi. Hapa kaa, usiwe na haraka, manake utamu wote uko hapa. Angalia mishipa midogo ya damu, ni mingi na imetanuka, kuta zake nyembamba. Angalia kolajeni, imejaa, na karibu na epidemisi mara nyingi yasimama wima. Halafu tafuta kinyweleo, hiki hapa, mwaona kolajeni ilivyokizunguka duara juu ya duara kama maganda ya kitunguu? Mishipa nayo yaweza kuzungukwa vivyo hivyo. Ukiona hayo mawili pamoja, mishipa iliyotanuka na duara za kolajeni, ushakaribia jibu.

Sasa ndio lenzi ya 40. Hizi seli katikati ya kolajeni ni faibroblasti, seli zinazotengeneza kolajeni, zingine nyembamba, zingine zina pembe pembe kama nyota, na hii kubwa ina viini kadhaa. Isikutishe, ni kawaida yake, tafuta kama kuna seli zinazogawanyika ovyo, hapa hakuna. Kwenye safu ya chini ya epidemisi melanosaiti, seli za kutengeneza rangi ya ngozi, zaweza kuwa nyingi kuliko kawaida, hilo nalo lisikupeleke kwenye melanoma, kansa ya seli hizo.

Unachotakiwa kukiondoa ni vitu viwili. Nevasi, yaani kidoa cha ngozi, ina mafungu ya melanosaiti ndani ya demisi, nayo hushika rangi ya kipimo cha protini iitwayo S100, wakati seli za nyuzi za papuli yetu hazishiki S100 lakini mara nyingi hushika ya faktari 13a, protini nyingine. Cha pili ni kansa ya beso seli, aina ya kansa ya ngozi, nayo hupenda sana pua: visiwa vya seli za zambarau iliyokolea, za pembeni zimejipanga mstari, na ufa mwembamba kati ya kisiwa na nyama iliyokizunguka. Ndio maana nasikitika nikisikia mtu amechomwa kinundu cha pua kwa dawa ya dukani na hakuna hata kipande kilicholetwa lebu, sasa tutajuaje kilikuwa nini?

Hatua ya mwisho iko kwenye fomu, si kwenye maikroskopu. Soma daktari ameandika vipo vingapi na vilianza lini. Kimoja kwa mtu mzima, basi, andika ripoti. Lakini vikiwa vingi, vimesambaa mashavuni na puani tangu utotoni, slaidi itaonekana sawasawa na hii na bado mtoto aweza kuwa na ugonjwa wa tuberasi sklerosisi, ule unaotoka kwa hitilafu ya jeni ya TSC1 au TSC2 na huleta kifafa na uvimbe kwenye figo na ubongo. Fomu ikiwa tupu chukua simu umpigie daktari umuulize, mtoto hupata degedege? Ana mabaka meupe mwilini? Jibu lake liandikeni kwenye ripoti pamoja na mlichokiona, na mpendekeze achunguzwe zaidi.