Palmanova: Nyota Iliyokosa Wakazi

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Aprili 1593 Wareno waliizindua Fort Jesus hapa Mombasa, kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Oktoba 7 mwaka huohuo, Jamhuri ya Venice ilianzisha mji wa ngome kaskazini mashariki mwa Italia: Palmanova. Siku hiyo haikuokotwa tu. Ilikuwa kumbukumbu ya vita vya baharini vya Lepanto, 1571, Waturuki waliposhindwa.

Ukiutazama kutoka angani, mji ni nyota ya pembe tisa. Msidhani ni urembo. Ukuta mrefu uliosimama wima ulikuwa shabaha rahisi ya mizinga, kwa hiyo mafundi wakaufanya mfupi, mnene, umejazwa udongo. Kila pembe ikachongoka ili askari wa buruji moja, yaani boma la pembeni, aone ubavu wa buruji ya jirani. Adui akifika chini ya ukuta hana pa kujibanza. Anayezifahamu pembe za Fort Jesus ataitambua hesabu hiyo, ila kule imefanyiwa mji mzima.

Malango ni matatu: Udine, Cividale na Aquileia. Katika lango la Udine bado yapo magurudumu makubwa ya mbao yaliyovuta daraja. Ukipita hapo, barabara imenyooka mpaka uwanja wa kati wenye pande sita, na pembeni yake kanisa kuu. Mnara wake wa kengele ni mfupi makusudi, usionekane na adui kutoka nje.

Kila kitu kilipimwa, isipokuwa hamu ya watu. Nani ahamie mpakani, ndani ya handaki, apangiwe hata mtaa? Mwaka 1622 Venice ikabidi itoe msamaha kwa wahalifu na kuwapa viwanja huko. Kwangu mimi huo ndio ukurasa mtamu kuliko yote katika historia ya mji huu.

Na Waturuki, ambao ngome ilijengwa kuwazuia? Hawakuja kuuzingira. Fort Jesus ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Palmanova ilichukuliwa 1797 bila kuzingirwa, kwanza na Waaustria, kisha na Wafaransa. Napoleon akaipenda kiasi cha kuiongezea pete ya tatu ya maboma, na ndiyo hiyo ya nje kabisa mtakayoikuta mkienda, imeota majani.