Kiwanda Kipo Kibaha, Mnunuzi Yuko Wapi?

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, na niko na mwenzangu Baraka. Kaka, leo safari ni ya Kibaha.

BARAKA: Kibaha, dada, kwenye kiwanda cha viuadudu. Niseme mapema kwamba kiwanda hiki nakipenda. Mimi nimesoma mikrobiolojia, na hapa nchini mahali ambapo mtu wa fani yangu anaweza kuona bakteria wakioteshwa kwenye matangi makubwa ni pa kuhesabu.

ZUHURA: Bakteria wenyewe ni wa kazi gani?

BARAKA: Kumaliza mbu kabla hajaota mabawa. Wako wa aina mbili. Wa kwanza anaitwa Bti, aligunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, Israeli. Akikaribia kulala hutengeneza kijiwe kidogo sana cha protini. Kiluwiluwi akikila kijiwe hicho, tumbo lake linakiyeyusha, sumu inatoboa utumbo, na mara nyingi siku haiishi amekufa. Samaki au mtoto anayechezea maji yale hadhuriki, kwa sababu tumbo lake halina mahali pa sumu hiyo kushika. Wa pili, sphaericus, anavumilia zaidi maji machafu, yale ya mitaro na makaro.

ZUHURA: Na ujuzi ukaja kutoka Cuba.

BARAKA: Kutoka kampuni ya Labiofam ya Havana. Serikali yetu ikaingia kupitia Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC. Takriban dola milioni 22 zikatumika, kiwanda kikazinduliwa 2015, kikiwa na uwezo wa kutoa lita milioni 6 kwa mwaka.

ZUHURA: Halafu Juni 2017 Rais Magufuli anafika pale, dawa ipo, wanunuzi hawapo. Akaagiza halmashauri zinunue. Kaka, mimi nimekulia karibu na bonde la Msimbazi. Nimeona homa inavyoingia nyumba kwa nyumba baada ya mafuriko. Nikisikia dawa imekaa ghalani, umbali wa daladala moja tu kutoka Dar, roho inaniuma kweli.

BARAKA: Na inapaswa kukuuma. Lakini twende Arusha kidogo, kwenye vyandarua. Kampuni ya A to Z ya hapo walipewa na kampuni ya Sumitomo ya Japani teknolojia ya vyandarua vya Olyset, bila kutozwa malipo ya haki miliki, wakaanza kuzalisha mwaka 2003. Pale dawa inachanganywa ndani ya plastiki kabla nyuzi hazijavutwa, ndiyo maana chandarua hakihitaji kuchovywa tena. Kiwanda kikakua mpaka kutoa mamilioni ya vyandarua kwa mwaka na kuajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake.

ZUHURA: Kwa nini Arusha kukawaka namna hiyo?

BARAKA: Kwa sababu mnunuzi alikuwepo tangu mwanzo. UNICEF na wafadhili wa malaria walikuwa wanatafuta vyandarua kwa wingi, na Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaipitisha Olyset. Mkopo ukatoka Acumen, mfuko wa kusaidia biashara za namna hiyo. Mtu aliyekopesha alijua chandarua kikitoka mlangoni kuna anayekisubiri. Kibaha mteja aliyetegemewa ni halmashauri, na halmashauri ina madawati ya kununua, ina zahanati haina paa.

ZUHURA: Kwa hiyo tunapozungumza uhawilishaji wa teknolojia, yaani kuhamishia ujuzi hapa kwetu, tunatazama mashine, na mkataba wa ununuzi tunausahau.

BARAKA: Mkataba, na mikono. Nilifanya kazi kwenye maabara moja, sitaitaja. Tulikuwa tunaotesha bakteria kwenye tangi dogo tu, la lita chache. Umeme ukakatika usiku, hewa ikasimama, asubuhi tukakuta kimelea kingine kimetawala. Kazi ya wiki tatu tukaimwaga. Mwongozo tulikuwa nao, tena mzuri. Lakini hakuna ukurasa uliotufundisha kunusa tangi na kujua limeharibika kabla kipimo hakijasema. Hilo unalipata kwa kukaa na mtu aliyeharibu matangi mengi kabla yako.

ZUHURA: Ndiyo maana wataalamu wa Cuba kukaa hapa ilikuwa na thamani kuliko chuma kilichokuja na meli.

BARAKA: Kabisa. Na vijana waliojifunza kwao wasipokuwa na kazi ya kutosha, ujuzi unachuja. Tangi lisilochachusha linamsahaulisha fundi wake.

ZUHURA: Tuzungumzie hao vijana. Mhitimu wa chuo kikuu, wa SUA au Mlimani, ananufaikaje, kama hana mtaji wa kujenga kiwanda?

BARAKA: Asijenge kiwanda. Kazi iliyo wazi ni ya mtaani. Dar es Salaam ilishajaribu: mwaka 2006, chini ya mpango wa malaria wa jiji, walianza na kata tatu. Wakazi wenyewe walilipwa kuzunguka kila wiki, wanaandika kila dimbwi, wananyunyizia. Maambukizi yakashuka kwenye kata zile. Dawa ile iliagizwa nje, leo ipo Kibaha. Sasa kampuni ndogo ya vijana watano, wenye simu za kuchora ramani ya mazalia ya mbu na bomba za mgongoni, ikipewa kandarasi ya kata kwa mwaka mzima, hiyo ni biashara ya bayoteknolojia kamili.

ZUHURA: Kila wiki lakini, kaka. Si kumwaga mara moja mbele ya kamera.

BARAKA: Kila wiki, maana Bti huzama na jua linamla. Na Shirika la Afya Duniani linashauri njia hii pale ambapo mazalia ni machache, yanakaa mahali pamoja, na yanaonekana kirahisi. Kwa Dar hiyo ni kiangazi, kuanzia Juni hivi mpaka kabla ya vuli. Mvua ikishanyesha kila unyayo wa ng'ombe ni dimbwi.

ZUHURA: Na mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai mosi.

BARAKA: Ndiyo hivyo. Fedha ikichelewa kushuka, zabuni ikatangazwa Oktoba, dawa inafika mtaani maji yameshajaa.

ZUHURA: Basi diwani wako anapaswa kuulizwa Januari, wakati bajeti inaandikwa. Mimi wa kwangu nimeshampigia.